Kitufe cha maana kiite kwanza, bana

Wewe unayejifunza kuunda programu za kompyuta kwa hiyo bedsitter yako, hebu nikuulize: umewahi kulibana dirisha la programu yako uone ni nini kinapotea? Mimi sikulibana, na ilinigharimu.

Niliacha chuo karo ilipoisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtengenezea mama mmoja wa hadiwea programu ya mauzo. Nilitumia Tkinter, kwa sababu huja na Python yenyewe, bure. Kwa laptopu yangu kila kitu kilikaa fiti: jina la duka juu, orodha ya bidhaa katikati, kitufe cha "Hifadhi" chini. Dukani kulikuwa na kompyuta nzee ya skrini fupi.

"Kijana wangu, sasa nabonyeza wapi?"

Kitufe hakikuwepo. Wateja wamepanga foleni, misumari mkononi. Mama akarudi kwa daftari lake, nami salio langu nikaliaga.

Kumbe shida haikuwa kompyuta yake. Amri ya pack hugawa nafasi kwa mpangilio wa kuitwa. Wa kwanza anakata kipande chake, anayefuata anapewa kilichobaki. Dirisha likiwa dogo, wa mwisho ndiye anayeminywa hadi anatoweka. Mimi nilikiita kitufe mwisho ati kwa sababu kinakaa chini! Kukaa chini na kuitwa mwisho ni vitu viwili tofauti. Kiite mapema na side="bottom", halafu orodha ndiyo ije mwisho na fill="both", expand=True. Orodha ikibanwa haina neno, mtu ataisogeza juu na chini. Kitufe hakisogezwi.

Kuna wale watakwambia utumie place, upange kila kitu kwa pikseli. Siwaelewi. Mwenye macho mabovu akiongeza ukubwa wa maandishi, vitu vinaanza kupandana kama abiria wa matatu ya jioni. Na kama wewe ni wa C# na Windows Forms, usicheke: huko Dock hufuata nani yuko nyuma ya nani, na wa nyuma kabisa ndiye hupewa ukingo kwanza. Orodha yenye Fill ilete mbele ya wengine wote, la sivyo itajificha chini yao.

Wiki jana nilimrudia yule mama na programu iliyorekebishwa. Bado anaandika kwa daftari, lakini alikubali nimwachie flashi.