Kabla Hujabonyeza "Ruhusu"

Umepakua apu mpya, hata hujaona sura yake vizuri, na tayari kidirisha kimeruka: inaomba kuona majina na namba ulizohifadhi kwenye simu. Unabonyeza Ruhusu. Kinakuja kingine cha SMS. Ruhusu. Kamera, maikrofoni, mahali ulipo. Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Tuseme ukweli, wengi wetu hubonyeza ili hivi vidirisha viondoke tuendelee na shughuli zetu.

Shida ni kwamba baadhi ya vitu tunavyoruhusu si vyetu. Namba ya fundi wako, ya mweka hazina wa chama, ya shemeji yako kule Webuye: ulipewa umpigie, hukupewa ugawie kampuni. Wakenya tulifunzwa hili na apu za mikopo. Mtu anakopa elfu mbili, anachelewa siku chache, halafu simu zinaanza kupigwa kwa bosi wake, kwa mama mkwe, hata kwa mteja aliyenunua viatu kwake mwaka jana. Hao watu hawakukopa na hakuna aliyewauliza.

Sheria ipo, na si ya maonyesho tu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuingia kwenye namba zako ili awatumie watu ujumbe ukichelewa kulipa. Mwaka 2023 Google ilizuia apu za mikopo za Play Store kuomba majina ya simu na picha, na mwaka huohuo Kamishna wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3. Lakini faini hairudishi orodha iliyokwisha kuchukuliwa. Hata ukizima ruhusa leo, kilichonakiliwa jana kimeshaenda.

SMS ndizo naona tunazichukulia rahisi kupita kiasi. Hebu fungua zako usome kama mgeni. Salio lako liko hapo, mshahara unaingia tarehe gani, unamtumia nani kila wiki, kodi ya nyumba ni ngapi. Zile namba za siri za mara moja za kuthibitisha malipo pia zinaingia hapohapo. Apu inayosoma SMS inaweza kuziona zote. Kwa hivyo apu uliyotumiwa kwa linki ya WhatsApp, haiko Play Store, na inataka SMS? Hiyo hata usijadili. Ifute.

Sisemi ukatae kila kitu, huo pia si ujanja. Ukizima arifa za apu yako ya malipo, pesa zinaweza kutoka usijue mpaka jioni. Cha kuangalia ni ombi limekuja saa ngapi na kwa kazi gani. Zamani kwenye Android ulikuwa unakubali yote kwa mpigo wakati wa kupakua. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, apu inaweza kungoja mpaka pale inapohitaji kitu ndipo iombe. Umebonyeza kuskani QR dukani, inaomba kamera: sawa, bila kamera itaskani na nini? Unataka kumchagua mtu wa kumtumia pesa, inaomba majina: inaeleweka, ingawa bado unaweza kuandika namba kwa mkono. Lakini tochi inayotaka SMS inataka nini, jamani?

Na hapa nitawagusa hata wenzangu tunaofanya kazi kwenye hizi kampuni. Nilisomea masoko, najua vile data inatutamanisha: chukua sasa, matumizi tutayatafuta baadaye. Kwa maoni yangu, apu ya malipo inayoomba kila kitu kabla mteja hajatuma hata shilingi kumi haijamheshimu. Ieleze sababu kwa lugha ya kawaida, na mtu akikataa kamera, basi aandike namba ya till na alipe. Kumfungia mlango kabisa ni kumlazimisha.

Kama ulisharuhusu mengi, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa, uone nani ameshika nini. Kwa iPhone angalia sehemu ya faragha. Mahali ulipo unaweza kuacha kuonekane tu wakati apu imefunguliwa, na kuanzia Android 11 kuna chaguo la kuruhusu mara moja tu. Mimi ningeanza na ile apu ya mkopo uliyomaliza kulipa kitambo. Kuiondoa kwenye simu hakufuti walichobaki nacho, kwa hivyo waandikie uombe data yako ifutwe. Wakikunyamazia, malalamiko yanapokewa na Ofisi ya Kamishna wa Data.