Theluji Haiogopi Gari Kubwa

Kuna kitufe kwenye magari mengi ya Nairobi ambacho hakuna anayejua kazi yake. Kiko karibu na gia, kimeandikwa SNOW. Gari lilitengenezwa Japani, likatumika huko miaka saba, likashushwa Mombasa, na kitufe kikaja nalo kama mgeni asiyealikwa. Muulize dereva wa teksi pale Thika Road, atakwambia, "Hiyo achana nayo, boss. Ni ya huko kwao." Mimi pia niliachana nayo. Niliicheka miaka mingi, hadi nikahamia mahali ambapo theluji si kitufe.

Naishi Leadville, Colorado, mji ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nafanya kazi kwenye dobi ya hoteli moja upande wa pili wa Fremont Pass, barabara inayopanda hadi mita 3,450 hivi kabla ya kuanza kushuka. Watalii hupita hapo wakiwa wamefunga mbao zao za kutelezea juu ya gari. Sisi wengine, Wamexico, Wasenegali, Waperu na mimi, tunapita kwenda kufua mashuka watakayolalia. Tiketi ya siku moja ya kuteleza pale Vail, ukinunua dirishani msimu ukiwa juu, inapita dola 300. Sijawahi kuteleza hata mara moja, angalau si kwa kupenda.

Basi lipo, lakini ratiba yake haijawahi kukutana na zamu yangu. Kwa hivyo lazima niwe na gari. Na kwa vile nalipwa kwa saa, lazima liwe gari kuukuu.

Hapo ndipo vita huanza, kwa sababu kila Mkenya wa Marekani ana ushauri, na ushauri ni ule ule: "Huko kwa snow huwezi enda na kagari kadogo. Chukua kitu kubwa, 4WD, mpya. Chukua loni, utalipa polepole." Nimeambiwa hivyo kanisani, kwenye sherehe, na kwenye grupu ya WhatsApp na mtu ambaye hajatoka Texas tangu afike. Wanaosema wananitakia mema. Lakini ushauri huo ni wa uongo, unafilisi watu, na siku mbaya unaweza kuua.

Tuanze na chuma chenyewe. 4WD maana yake injini inazungusha magurudumu manne badala ya mawili. Basi. Inakusaidia kuondoka: kutoka mahali ulipoegesha kukiwa na theluji, au kupanda kilima bila magurudumu kuzunguka bure. Lakini kila gari, hata Probox ya kubeba miraa, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Ukishakanyaga breki, 4WD haina la kusema tena. Kinachokusimamisha ni sehemu nne za mpira zinazogusa lami, kila moja kama ukubwa wa kiganja chako. Na kwenye kona ni hizo hizo zinazokushika. Kwa hivyo 4WD yenye tairi mbovu inakupa uwezo wa kushika kasi bila uwezo wa kuiacha. Tukiwa nyumbani tungeiita matatu.

Sasa tairi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huku kwetu Januari alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna siku inazidi. Tairi la majira ya baridi limechanganywa tofauti ili libaki laini, na uso wake una chanjo nyingi nyembamba zinazouma theluji. Utalijua kwa alama iliyochorwa ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoshi. Hizo zinaeleza umbo la meno ya tairi, hazithibitishi kwamba lilijaribiwa kwenye theluji. Halafu kuna yale wanayoyaita tairi za misimu yote. Hiyo ni kama kuniuzia sandak ukaniambia ni kiatu cha misimu yote. Kweli nitatembea nayo, mpaka siku ya mteremko.

Wazee wetu walielewa hili walipokata tairi nzee wakashona akala. Tairi ni kiatu. Huwezi kuvaa suti ya laki moja na kiatu kilichoisha soli, ukapanda mlima, halafu ushangae umeanguka.

Binamu yangu alishangaa. Anaishi Denver, na miaka mitatu iliyopita alinunua gari kubwa jipya, 4WD, la dola 46,000. Analipa dola 840 kila mwezi kwa miaka sita. Alikuja kunitembelea Januari, gari likiwa bado na tairi zile zile lilizotoka nazo dukani, zimebaki karibu kipara. Njiani alinicheka kidogo kuhusu Corolla yangu. Tulipofika karibu na nyumbani, kwenye mteremko mfupi wenye alama ya kusimama, akakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilienda taratibu, limenyooka, kama ng'ombe anayeenda kunywa maji, likapita alama, likavuka njia panda, likaingia kwenye rundo la theluji upande wa pili. Mama mmoja aliyekuwa anazoa theluji nje ya nyumba yake alitupa sepetu akaruka. Angechelewa kidogo, hii ingekuwa hadithi nyingine na mimi nisingekuwa naiandika.

"Breki zimefeli," binamu akasema.

Breki hazikufeli. ABS ilikuwa inamtetemesha mguu wakati wote. Zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila hazikuwa na kitu cha kushikia. Dola 46,000 na gari halina viatu.

Corolla yangu ni ya mwaka 2008. Niliinunua dola 4,800. Inavutwa na magurudumu mawili ya mbele. Nikaongeza dola 560 kwa tairi nne za baridi zilizofungwa kwenye rimu za chuma, ili kila Oktoba nibadilishe mwenyewe kwa jeki. Jioni ile ile nilishuka mteremko ule ule kwenda kazini, nikasimama kwenye alama, nikaendelea.

Hata sheria haijali ukubwa wa gari lako. Kwenye barabara kuu ya I-70 inayopandisha watu kutoka Denver hadi kwenye milima ya kuteleza, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, gari la 4WD nalo lazima liwe na tairi zenye kina cha angalau 3/16 ya inchi, karibu milimita 5. Gari la magurudumu mawili nalo lina masharti yake. Ukifunga barabara kwa sababu ya tairi mbovu, faini inapita dola 500. Askari akija anapima tairi. Haulizi unalipa loni ya nani.

Sisemi ya kale ni dhahabu. Gari kuukuu lililooza ni jeneza. Kwa hivyo kama utanunua, nunua ukiwa na macho.

Lala chini ulitazame tumbo. Barabara za huku humwagiwa chumvi na kemikali za kuyeyusha barafu, na chuma kinaliwa kimya kimya. Magari ya Michigan, Ohio na Minnesota ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa hivyo angalia kwenye makaratasi limeishi wapi. Tazama mabomba ya breki, na pale jeki inapokaa. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini ya gari la miaka kumi na tano, jiulize inaficha nini.

Uliza kuhusu rejeta. Kule Grogan tumezoea: gari likichemka, mwaga maji, songa. Huku maji matupu ni sumu. Yakiganda yanatanuka, na injini inaweza kupasuka ikiwa imelala tu nje ya nyumba. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inavumilia hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Na ile oili nzito ya 20W-50 fundi wako alikuwa anaipenda, iache. Asubuhi ya baridi kali inakuwa kama asali. Fuata kitabu cha gari.

Betri kuukuu inayowasha gari Septemba inaweza kukataa Desemba, kwa hivyo ipeleke ikapimwe. Washa hita, ukae ndani dakika ishirini. Ikipuliza uvuguvugu tu, utaendesha ukiwa umezibwa macho, maana kioo kitajaa ukungu. Soma tarehe ya tairi pia: tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ubavuni ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado limezeeka.

Na Subaru? Najua mnangoja niiguse. Ni gari zuri kwa milima hii, na huku kila nyumba ya pili ina moja, wanalipenda hata kuwaliko vijana wa Nairobi. Ukipata lililotunzwa, chukua. Jua tu kwamba zile za injini ya lita 2.5 za miaka ya mwanzo wa 2000 zinajulikana kwa tatizo la gasket ya kichwa, na kwamba tairi zake zote nne lazima ziwe zimelika sawasawa, la sivyo unaumiza mfumo wa kuvuta. Lakini bila tairi za baridi, hata Subaru ni ya kupiga nayo picha.

Mtu ataniambia: gari nzee litakuzimikia mlimani usiku, ufe kwa baridi. Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau. Kwenye baridi ile, gari likizima si usumbufu, ni hatari. Ndiyo maana kwenye buti yangu kuna blanketi mbili, sepetu, tochi, nyaya za kuchaji betri, maji na biskuti. Ndiyo maana najua kwamba nikikwama na injini inawaka, lazima kwanza nitoke nifukue theluji kwenye bomba la moshi, maana likizibwa moshi hurudi ndani na kuua bila harufu. Lakini gari jipya nalo hukwama, hukaa foleni saa nne barabara ikifungwa, huingia mtaroni. Aliye na gari jipya mara nyingi hana hata blanketi, kwa sababu aliambiwa gari lenyewe ndilo kinga.

Na kuna siku theluji inafika kwenye bampa. Siku hiyo Corolla haiendi, nami siendi. Nampigia simu msimamizi, namwambia ukweli. Nakosa mshahara wa siku moja.

Binamu yangu hawezi kufanya hivyo. Hapo ndipo hasira yangu iko. Piga hesabu: dola 840 mara miezi 72 ni dola 60,480, bila bima kubwa ambayo wenye mkopo wanailazimisha. Ili alipe, amechukua kazi ya pili ya usiku. Kwa hivyo dola zote hizo, ambazo aliambiwa zinanunua usalama, zimemnunulia kitu kimoja kisichokosekana: anaendesha kwenye barafu saa kumi alfajiri akiwa hajalala. Hakuna gari linalotengenezwa la kumwokoa mtu anayesinzia. Na mwezi tairi zinapohitajika, dola 900 hazipo, kwa sababu gari limezila.

Kwani tunamnunulia nani haya magari? Si theluji, haina habari. Tunanunulia picha. Picha inaenda kwa status, mjomba Kakamega anaiona, anasema kijana amefika. Hajui kwamba hiyo gari ndiyo ilikula karo ya mtoto wake. Nimeona watu wakituma nyumbani picha ya gari miezi miwili mfululizo bila kutuma shilingi. Na mimi najua jinsi Corolla ya 2008 inavyoonekana kwenye picha. Mama yangu aliniuliza, kwa upole wake, kama huku hakuna magari mazuri kidogo. Nilimwambia yapo, mama, na nikampa picha ya tairi.

Kwa hivyo ukija huku, ndugu yangu, dada yangu, na ujapo ukaangukia kwenye kazi ya milimani kama yangu, usianze na gari. Toa kwanza pesa ya tairi, uiweke kando. Kinachobaki ndicho bei ya gari lako. Kama kinatosha Corolla, ni Corolla. Mtu akikucheka, mwombe akuonyeshe alama ya mlima kwenye ubavu wa tairi lake.

Na kile kitufe? Sasa najua kazi yake. Kwenye magari mengi ya otomatiki, ukikibonyeza gari linaondoka na gia ya pili badala ya ya kwanza, ili magurudumu yasizunguke bure kwenye utelezi. Yaani kinalipunguzia gari nguvu. Mjapani aliyekiweka alijua kitu ambacho sisi tunalipa dola 840 kwa mwezi kukisahau: kwenye theluji, polepole ndiyo inakufikisha.