Programu Isiyopiga Hodi

Leo mnivumilie kidogo, nitaongea mambo ya kazini. Ila najua wengi wenu mnaifanya kazi hii hii bila mshahara, maana ninyi ndio mafundi wa kompyuta wa ukoo mzima. Shangazi akishindwa kufungua barua pepe anampigia nani? Printa ya mjomba ikigoma anaulizwa nani? Si wewe?

Mimi nalipwa kwa kazi hiyo. Niko kwenye timu ya watu sita hapa Leicester, tunahudumia ofisi chache pamoja na watu wanaofanya kazi nyumbani. Mtu akikwama, tunaingia kwenye kompyuta yake kwa mbali: tunaiona skrini yake, tunarekebisha, tunatoka. Mkataba wa programu tunayotumia unakwisha karibuni, na meneja wetu akanipa kazi ya kutafuta nyingine. Nikachora jedwali langu: bei, kasi, inakubali Windows, inakubali Mac, inakubali simu. Nilikuwa nakaribia kumaliza, ndipo Mama akanipigia.

"Mwanangu, yule mwenzako ameshamaliza?"

"Mwenzangu yupi, Mama?"

Kumbe kuna kijana alimpigia, akajitambulisha kuwa anatoka kampuni ya intaneti. Akasema kompyuta ya Mama inasambaza virusi. Akamwambia afungue programu fulani, amsomee namba zinazoonekana, kisha abonyeze kitufe cha kukubali. Mama akafanya yote. Kijana alikuwa na adabu sana, ananiambia, hata salamu alitoa vizuri. Akakaa ndani ya ile kompyuta kama dakika ishirini, halafu akamwomba Mama afungue akaunti yake ya benki. Hapo ndipo mambo yake yalipokwama. Mama hajawahi kufungua benki kwenye kompyuta maisha yake yote. Yeye huenda kwa miguu na kupanga foleni.

Hakupoteza pesa. Usiku ule ule nilikwenda kwake, nikaikata kompyuta kwenye intaneti, tukabadilisha nywila zake zote kwa kutumia simu yangu, na wikiendi nikaifuta kompyuta yote na kuipanga upya. Nilipomuuliza kwa nini alikubali, tena kwa sauti ambayo mpaka leo naijutia, alinijibu taratibu:

"Ningejuaje? Si wewe uliyenifundisha? Ukiambiwa soma namba, soma. Ukiona kitufe, bonyeza."

Sikuwa na jibu. Ni kweli, ni mimi. Tena ndivyo ninavyowafundisha watu kazini kila siku, kwa sababu kazi inakwenda haraka.

Basi nikalirudia lile jedwali, safari hii nikianza na swali jingine kabisa: huyu anayeingia, anapiga hodi?

Ninyi mnajua hodi. Kwa Mama, hata hapa Uingereza kwenye kengele za umeme, mgeni hupiga hodi. Akipiga mara tatu bila kuambiwa karibu, anaondoka zake. Hata kama mlango umeegeshwa tu, haingii.

Programu hizi nazo zina njia mbili. Ya kwanza ni kuingia mwenyewe akiwepo: anakupa namba au anabonyeza kukubali, anakuona unavyofanya, na anaweza kukutoa wakati wowote. Ya pili ni kuingia hata kama hayupo: programu imewekwa kwenye kompyuta moja kwa moja, na fundi ana ufunguo wake. Hiyo ya pili si mbaya. Seva haina mtu wa kuitikia hodi, wala kompyuta iliyoachwa inaonyesha matangazo ukutani. Shida ni pale timu inapoweka ufunguo kwenye kila kompyuta kwa sababu ni rahisi, mpaka zile za watu walioko sebuleni kwao.

Na kuna kimpangilio kimoja ambacho watu hawakiangalii. Fundi akipiga hodi na mtu asijibu, tuseme kwa nusu dakika, programu nyingine zinakuachia uchague: ikatae, au ifungue tu. Nilipoangalia yetu ya sasa, ilikuwa imewekwa ifungue tu. Yaani hodi ilikuwa ya kujionyesha. Hakuna kati yetu aliyekumbuka nani aliiweka hivyo.

Wala msidhani wanaoangukia mtego ni mama zetu peke yao. Mei 2024 Microsoft ilitoa onyo kwamba wahalifu wanatumia Quick Assist, programu inayokuja na Windows yenyewe, kuingia kwenye makampuni. Kwanza wanamjaza mfanyakazi barua pepe za takataka mpaka achanganyikiwe. Halafu wanampigia: habari, sisi ni watu wa IT, tumeona una tatizo la barua pepe. Nani atakataa msaada wakati huo? Na Januari 2023 idara ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, pamoja na NSA, walikuwa wameshaonya kuhusu jambo la aina hiyo hiyo: wezi hawahitaji kutengeneza kirusi, wanatumia programu halali za mafundi, tena zile zinazofunguka bila hata kusimikwa. Kwa hiyo ukichagua moja kwa ajili ya ofisi, kazi haijaisha. Lazima uzizuie nyingine zote kwenye kompyuta za ofisi. Vinginevyo umeweka mlango mpya wa chuma na madirisha yako wazi.

Swali la pili: ufunguo unakaa wapi? Kuna programu ambazo kila kitu kinapitia kwenye seva za kampuni iliyozitengeneza, na kuna nyingine unaziweka kwenye seva yako, kwa mfano RustDesk na MeshCentral, ambazo ni programu huria. Nilikuwa nadhani kuweka kwako ndiyo salama zaidi, basi. Mambo si mepesi hivyo. Februari 2024 AnyDesk walitangaza kwamba mifumo yao iliingiliwa, wakafuta nywila zote za wateja kwenye tovuti yao kama tahadhari. Hapo aliyekuwa na seva yake angecheka. Lakini mwezi huo huo ScreenConnect ilikutwa na kasoro iliyopewa 10 kati ya 10 kwa ubaya: mtu aliweza kuruka hatua ya kuingia na kujifanya msimamizi. Wateja waliokuwa kwenye seva za kampuni walirekebishiwa. Waliokuwa na seva zao ilibidi waharakishe wenyewe. Sisi tuko sita, na Jumapili hakuna mtu ofisini. Nilijiuliza kwa ukweli kabisa: kasoro kama ile ikitangazwa Ijumaa usiku, nani ataamka? Kimya changu ndicho kilichonipa jibu.

Swali la tatu: nani anakumbuka? Kila kuingia kuandikwe: fundi gani, kompyuta gani, saa ngapi, aliingia na kutoka, alihamisha faili au hapana. Kila fundi awe na jina lake la kuingilia na uthibitisho wa hatua mbili. Ile tabia ya timu nzima kutumia akaunti moja, na nywila imebandikwa kwenye kikaratasi, iishe. Fundi akiondoka kazini, ufunguo wake ufe siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ndiyo nikarudi kwenye mambo ya kawaida, ambayo nayo si ya kudharau. Kwenye Windows, ukitaka kusimika kitu, skrini huwa nyeusi kidogo ikiuliza ruhusa ya msimamizi, na baadhi ya programu rahisi hazikuruhusu kuiona hatua hiyo. Unabaki unamwambia mtu kwenye simu, "Unaona nini? Bonyeza yes." Kwenye Mac, mwenyewe lazima aruhusu kwanza skrini yake ionekane, na aruhusu tena iendeshwe. Kwenye iPhone, programu hizi kwa kawaida zinakuonyesha skrini tu, huwezi kubonyeza. Zijaribuni zote mkiwa na mtu halisi aliyeko mbali, kwenye intaneti ya nyumbani. Ukijaribu kutoka meza hadi meza ofisini, kila programu ni nzuri.

Na bei? Angalia unalipishwa kwa nini: idadi ya mafundi, idadi ya kompyuta, au idadi ya watu wanaoweza kuingia kwa wakati mmoja. Timu ndogo yenye kompyuta nyingi inaweza kuumia vibaya kwa hesabu ya kompyuta. Na zile za bure mara nyingi ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Kuitumia ofisini ni kuvunja leseni, usione aibu kuwaambia wakubwa.

Meneja hakufurahi moja kwa moja. "Hodi zako zitatuchelewesha," akaniambia. "Usiku watu wamelala, masasisho tutaweka vipi?" Ana hoja. Lakini sasisho halihitaji mtu kuangalia skrini ya mwenzake, linaweza kutumwa kwa mfumo mwingine. Tukakubaliana hivi: ufunguo kwenye seva na mashine zisizo na mtu, hodi kwenye kompyuta zote zenye mtu, na asipojibu, hatuingii. Tutaijaribu mwezi mmoja tuone.

Jambo moja halikuwemo kwenye programu yoyote niliyoiangalia. Hakuna inayoweza kumwambia mtu kwamba aliyempigia simu ni mimi kweli. Kwa hiyo tumewaandikia watu wetu: sisi hatutawapigia kuomba namba. Ukipigiwa na mtu anayesema ni IT, kata, halafu upige wewe, kwa namba iliyobandikwa kwenye kompyuta yako. Ukikata simu yetu hatutakasirika.

Na kwa Mama ni hivyo hivyo. Ile programu nimeiondoa. Akiwa na shida ananipigia yeye, kwa video, anaona uso wangu kwanza ndipo tunaendelea. Juzi nilijaribu kumpima, nikampigia kwa namba ya kazini: "Mama, hebu nisomee namba zilizoko kwenye skrini."

Akakata.

Baada ya dakika moja simu yangu ikaita. "Ni wewe uliyenipigia sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwa najaribu. Akanigombeza vizuri sana, kisha akaniuliza kama nimekula.

Wiki hii piga simu nyumbani, uwaulize wamesimikiwa nini na nani. Tuonane wiki ijayo.