Benki na mfanyabiashara wakati wa dhiki

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho, nashindwa kuzihesabu benki zetu miongoni mwa marafiki wa mfanyabiashara mdogo.

Mwaka wa 1993, shilingi ilipoporomoka na bei za bidhaa kupanda kila uchao, serikali iliuza hati zake za mkopo kwa riba iliyopita asilimia 70 kwa mwaka. Nani basi angejisumbua kumkopesha seremala au muuza vitabu, ilhali Hazina yenyewe yalipa kiasi hicho? Benki zilivuna, wenye viwanda na maduka wakabaki na kiu ya mtaji.

Wapo waliodhani sheria ingeliponya donda hilo. Septemba 2016, riba ya mikopo iliwekewa kikomo cha pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mimi mwenyewe niliishangilia sheria ile, na sasa nakiri kwamba nilishangilia mapema. Benki zilipokatazwa kumtoza mdogo riba ya juu, wengi wao zilimfungia mlango na kuikimbilia serikali tena. Sheria ikafutwa Novemba 2019.

Miezi minne baadaye korona ikabisha hodi. Walimu na wanafunzi mnakumbuka: shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurejea pamoja hadi Januari 2021. Muuza vitabu, mshona sare na mwenye shule ya kibinafsi walifungiwa riziki. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 7, ikapunguza pia akiba ambayo benki hulazimika kuiweka kwake, na zaidi ya shilingi bilioni 35 zikaachiliwa zikopeshwe. Haki isemwe: madeni mengi ya zamani yalipangwa upya. Lakini mwenye kuahirishiwa deni hajapata fedha za kununua bidhaa.

Muuza vitabu mmoja ninayemfahamu aliomba mkopo mwaka huo. Akaulizwa hati ya shamba, naye hana shamba. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, akapeleka hati yake ya mshahara, na fedha zikatoka baada ya siku chache. Duka lilikuwa lile lile, na hatari ile ile. Ila shingo iliyotiwa kitanzi ilikuwa nyingine. Sidhani kuna chumba cha walimu kisichokuwa na kisa kama hicho.

Na hati ya shamba ya nini, ikiwa sheria ya mwaka wa 2017 yaruhusu mashine, mifugo na hata bidhaa za dukani ziwekwe dhamana? Mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo, ulioanzishwa Desemba 2020 kwa shilingi bilioni 3, ni wazo jema lililopewa kibaba pahali pa gunia. Uongezewe fedha. Nayo Benki Kuu iitake kila benki itangaze hadharani, mwaka baada ya mwaka, ni wafanyabiashara wangapi iliowakopesha bila kuwadai ardhi.