Kisima na Choo Katika Kiwanja Kimoja

Tuseme unakaa Chemchem, mjini Tabora, mahali ambapo jina lake lenyewe ni la maji. Uani pana kisima kifupi, na nyuma ya nyumba pana choo cha shimo, au karo la maji taka kama umejaliwa kidogo. Bomba likikauka, ndoo hurudi kisimani. Maji ni maangavu, hayana harufu, na mama mwenye nyumba huyachemsha kabla hayajanywewa. Nani atamlaumu?

Mimi simlaumu. Tangu kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 tumehimizwa kuchimba vyoo na kutunza usafi wa maji, na mahimizo hayo yalikuwa ya haki. Lakini liko jambo moja ambalo sufuria haliwezi. Kinyesi, na hasa mkojo, una naitrojeni. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, chumvi isiyoonekana katika maji, nayo husafiri na maji hayo popote yaendapo. Moto huua vijidudu vya maradhi, naitreti hauigusi. Tena, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi hubaki, maji yaliyochemshwa kwa muda mrefu huwa na naitreti nyingi zaidi katika kila lita.

Hebu tufanye hesabu. Mtu mzima hutoa naitrojeni kati ya kilo 2 na 4 kwa mwaka. Tuchukue 2. Nyumba ya watu 8 huzika kilo 16. Tuwe wakarimu, tuseme robo tu ndiyo ifikayo majini: kilo 4, ambazo zikiisha kugeuka huwa naitreti karibu kilo 18. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, isizidi hapo. Kuizimua naitreti hiyo mpaka ishuke kwenye kiwango hicho kwahitaji maji zaidi ya lita 350,000. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, kikinyeshewa milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 540,000, na sehemu kubwa ya hizo huchukuliwa na jua, miembe na mitaro. Na jirani naye ana choo.

Ndiyo maana zile hatua 30 tunazoambiwa tutenge baina ya choo na kisima hazitoshi kwa jambo hili. Vijidudu huchujwa na udongo na kufa njiani; naitreti haichujwi. Katika Dar es Salaam, kwenye maeneo yaliyosongamana, wapimaji wamekuta visima vilivyozidi kiwango.

Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika habari za watoto wa mashambani waliogeuka rangi kuwa ya samawati kwa sababu hiyo. Damu hushindwa kubeba hewa. Kwa mtoto mweusi usitazame ngozi, tazama midomo, ufizi na kucha. Ukiona weusi wa kijivu, mkimbize hospitali, na waeleze maji yalikotoka. Anayenyonya maziwa ya mama yu salama zaidi, hata kama mama mwenyewe hunywa maji hayo.

Kujua hali ya kisima chako ni lazima kupima. Peleka chupa safi ya maji kwenye maabara, mara moja mwishoni mwa kiangazi na mara ya pili baada ya mvua kubwa za kwanza. Omba wapime naitreti na kloridi kwa pamoja, kisha linganisha na kisima kilicho upande wa juu wa mteremko. Vyote viwili vikipanda katika kisima cha chini, mshuku choo kwanza, ingawa zizi la ng'ombe nalo huweza kufanya hivyo. Uliza pia jibu limeandikwa kwa namna gani, kwani maabara nyingine huhesabu naitrojeni peke yake, na hapo 11 ni sawa na 50.

Majibu yakiwa mabaya, kisima kisifukiwe. Maji yake yatafaa kufulia, kudekia na kumwagilia mchicha. Ya chupa ya mtoto yatoke bombani, na siku za bomba zuri yawekwe akiba katika mtungi wenye kifuniko.