MTOKO WA WAWILI: Kabla ya fungate, mpeleke Singe

Mpenzi msomaji, hivi mchumba wako unakujua kwao? Sizungumzii jina la wilaya, nazungumzia kwao hasa, kule anakoitwa jina la utotoni. Wengi wetu tunajua mwenzetu ni Simba au Yanga, lakini ardhi iliyomlea hatujaikanyaga. Halafu tunachanga mamilioni ya fungate Zanzibar! Zanzibar nzuri, sikatai. Ila mwezi huu geuza usukani uelekee Babati.

Naisemea Singe, kata iliyo ndani ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002. Kwenye makaratasi ni mjini, lakini ukiamka asubuhi unakutana na mahindi na mbaazi. Na mbaazi usiidharau. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa, ilipobana uagizaji kutoka nje, bei iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia ndani. Ada ya yule kaka mtanashati pale ofisini kwenu huenda ilitoka kwenye gunia kama hilo.

Njia siyo kisingizio tena. Babati iko kwenye Great North Road, ile barabara iliyoota kuunganisha Cape Town na Cairo. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018.

Mkifika, anzeni na Ziwa Babati. Kodisheni mtumbwi na mwenyeji, mtazame viboko kwa mbali (kwa mbali, jamani, kiboko hana utani). Ziwa hili halina mto wa kudumu wa kulipunguzia maji, ndiyo maana liliwahi kufurika mwaka 1964, 1979 na 1990. Waulizeni wazee, watawasimulia.

Wenye miguu mizuri wapande Mlima Kwaraa, mita 2,415, wenye msitu wa hifadhi wa Ufiome. Tafuteni kibali na mtu wa kuwaongoza, muanze alfajiri. Siku inayofuata teremkeni barabara ya Dodoma hadi Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sokoni Babati nako tegeni masikio: Wagorowa na Wairaqw, Warangi na Wambugwe, Wabarbaig pia. Koo za lugha tatu tofauti kabisa, na wote wanapatana bei kwa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Rafiki yangu mmoja alipelekwa Singe na mchumba wake. Kumbe kaka alishapata mteja wa viwanja: auze sehemu yake ya shamba, alipie ukumbi na picha za video. Yule dada akatembezwa shambani na mama mkwe mtarajiwa, akaonyeshwa mpaka, akaonyeshwa mahindi ya chakula cha mwaka mzima. Mama hakulalamika hata neno moja. Usiku dada akamuuliza mwenzake, "Ukiuza, mama atakula nini? Picha zetu?" Walinuniana hadi Minjingu! Lakini shamba halijauzwa, na harusi imepunguzwa watu nusu. Kamati imekasirika, basi.

Simwambii mtu asiuze chake. Mji unakua na viwanja vina bei. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo haufanyiki kwenye kochi Sinza, mmoja wenu hajawahi hata kuliona shamba lenyewe. Ukishaona, utajua mnauza nini.

Vidokezo vya haraka: beba sukari, majani ya chai na kitenge cha mama. Shikamoo zisikauke mdomoni. Kama hamjafunga ndoa, msisubiri kuambiwa, ombeni vyumba viwili. Simu weka mfukoni wakati mzee anaongea. Dada, beba koti, jioni kunakuwa na baridi. Na wewe kaka, usimwombee radhi mwenzio kwa sababu ya choo cha nje au taa ya chemli. Ukiona aibu na kwenu, yeye ajifunze wapi kukuheshimu?

Akirudi Dar na tope kwenye viatu na bado anacheka, mpenzi msomaji, endelea kuchangisha.