Bonde Nalo ni Ghala

MIZANI YA JUMA
Na Salim Mwinyikombo

Aghalabu litajwapo ghala la chakula, fikira zetu huenda kwenye kihenge cha mahindi. Lakini mfugaji mdogo wa Mbulu na Hanang, mwenye ng'ombe wawili watatu wa kukama, analo ghala jingine lisilo ukuta wala kufuli, nalo ni bonde la majimaji, ambamo nyasi husalia mbichi tangu Juni hata Oktoba, wakati malisho ya vilimani yamekwisha kukauka na mnyama hana cha kutafuna ila mabua.

Alfajiri ya kiangazi mama wa Kiiraqw hushuka bondeni na mundu wake, akakata nyasi, akafunga mzigo, akapanda nao hata zizini. Jioni mzigo ule huwa maziwa: kikombe cha mtoto kwanza, kisha chupa ya kuuza, ambayo thamani yake hurudi nyumbani ikiwa unga, na samadi ikabaki kuwa rutuba ya shamba la mwakani. Likitoweka bonde, riziki hizo zote hukatika pamoja.

Wala sisemi kwa kukisia. Tangu mwaka 1970, Serikali ya Tanzania ilipoanzisha kilimo cha ngano kwa msaada wa Kanada katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, takriban ekari 100,000 zilitwaliwa, na miongoni mwake yalikuwamo malisho yenye rutuba ambayo Wabarbaig, wafugaji wa nyanda hizo, huyaita muhajega. Ngano ilihesabiwa gunia kwa gunia. Bali maziwa yaliyokoma kuingia katika vibuyu vilivyofukizwa moshi hayakuandikwa katika daftari lolote, na kwa itikadi yangu hiyo ilikuwa dhuluma.

Madhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi ya kijiji katika dhamana ya halmashauri ya kijiji, nawasihi wajumbe wake, kabla ya kumkatia mtu shamba bondeni, wawaite kwanza akina mama wakatao nyasi na wazee wachungao, wawasikilize kwa insafu. Chemchemi zizungushiwe uzio, nyasi zikatwe na kupelekwa zizini, ili kwato zisilivuruge tope wala ng'ombe wasiokote minyoo ya ini kwenye maji yenye konokono. Na bonde liandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kwa jina lake la haki: malisho ya kiangazi, chakula cha watoto.